Uyoga wa kwenye magogo: kazi yangu ya msimu Vermont, na kihamba ninachokiwaza kila siku

Ndugu wa nyumbani wakipiga simu wanauliza sa hivi uko kwenye kazi gani, nikisema uyoga wanadhani ni ule wa kwenye viroba, wa kwenye kibanda chenye giza, mamama, ambao hata Moshi watu wanalima nyuma ya nyumba. Huu wetu ni mwingine, unaitwa shitake. Unaota kwenye magogo, nje kabisa, chini ya miti, na gogo moja likishapandwa mbegu unalivuna miaka 3 mpaka 5. Leo nataka nieleze kazi yenyewe toka mwanzo maana ndo kazi niliyoipenda kuliko zote tangu nifike Marekani, alafu naona kuna kitu ndani yake kinatuhusu sisi watu wa mlima Kilimanjaro na vihamba vyetu, yale mashamba ya ukoo, moja kwa moja.

Shamba liko Vermont, jimbo dogo la kaskazini mashariki linalopakana na Kanada. Ni kilima, na wenyewe wanaliita msitu wa chakula. Juu kabisa kuna miti ya mepo, ile wanayoigema mwisho wa baridi wanapika sirapu, katikati wamepanda chesnati na njugu za hazeli, chini yake vichaka vya matunda madogo meusi na mekundu, alafu chini kabisa kuna majani fulani ya jamii ya kitunguu yanaota yenyewe kila masika kabla miti haijafunika mwanga. Hakuna mistari iliyonyooka kama shamba la mahindi. Kila kitu kiko chini ya kitu kingine. Mtu wa Kilimanjaro akiingia pale hahitaji kuelezwa, anajua kabisa yuko wapi, ila hilo nitalirudia.

Gogo linakatwa wakati wa baridi, kuanzia majani yakishadondoka mpaka kabla machipukizi hayajaanza kuvimba. Mti ukilala hivyo sukari yake inakuwa imehifadhiwa ndani ya mbao, gome limeshika kisawasawa, na hewani hakuna ukungu mwingi mwingine wa kugombania hilo gogo. Ukikata mti una majani gome linaachia, na gome likibanduka gogo limekwisha, kwa sababu gome ndo linalozuia maji yasitoke na ukungu mgeni usiingie. Mti bora kuliko yote kwa shitake ni mwaloni, ila huku juu mialoni ni michache kwa hiyo tunatumia sana mepo. Tunachagua unene wa sentimita 10 mpaka 15 na urefu wa mita moja hivi, maana mtu lazima aweze kulibeba peke yake siku nzima, gogo bichi la hivyo ni kilo 10 na kitu na likishalowa linazidi hapo, sasa zidisha mara mamia ya magogo uone mgongo unavyosema jioni.

Na magogo hayo yanatoka kwenye kupunguza msitu. Miti ya mepo ikiota imebanana inagombania mwanga, yote inakuwa myembamba, hivyo mwenye shamba anapita na rangi anaweka alama ile ya kutolewa, chensoo inafuata, na inayobaki inapata nafasi ya kutanua kichwa na kunenepa. Miti ile iliyotolewa zamani ilikuwa inaishia kuwa kuni. Sasa hivi kabla ya kuwa kuni inatoa chakula miaka kadhaa, na ikichoka inaoza palepale inakuwa udongo. Mi nimeona mashamba mengi sana huku, ya nyanya, ya tufaa, ya maziwa, sijaona lingine ambalo kazi ya kukata miti inauacha msitu ukiwa na afya kuliko ulivyokuwa.

Kupanda mbegu kunaanza mwezi wa tatu mpaka wa tano, theluji inayeyuka, barabara za vumbi zote zinageuka tope kiasi kwamba gari linazama mpaka ekseli, na hapo ndo sisi tunaitwa kazini. Kuna meza ndefu, magogo yanapita kutoka mtu mmoja kwenda mwingine. Wa kwanza anatoboa. Drili ya kawaida inachosha, tunatumia grainda iliyofungwa biti maalum, inazunguka karibu mara 10,000 kwa dakika, tundu linaisha kabla hujapepesa jicho. Kina sentimita 2.5, umbali kati ya tundu na tundu sentimita 15 kwenye mstari mmoja, alafu mstari unaofuata unasogea sentimita 5 tu pembeni na matundu yanapishana. Nilimuuliza mwenye shamba kwa nini iwe mbali kwa urefu na karibu kwa upana, akanionyesha gogo lililopasuliwa: zile nyuzi nyeupe za uyoga zinakimbia haraka kufuata nyuzi za mbao, kwenda kwa upana zinajikokota. Kwa hiyo mpangilio wa matundu unafuata mbao yenyewe ilivyoumbwa.

Wa pili anajaza mbegu. Mbegu ni maranda ya mbao yaliyoshikana kwa nyuzi za uyoga, meupe kabisa, yana harufu nzuri ya msituni baada ya mvua, unayachukua kwa kibomba cha shaba, unakiweka juu ya tundu, unabonyeza kwa dole gumba, pap, unahamia lingine. Wa tatu anaziba kwa nta ya moto. Hapa watu wageni huwa wanaogopa, wanaiacha nta ivuguvugu, ikipoa inabanduka kama gamba na ndege au wadudu wanakula mbegu yote. Nta inatakiwa iwe moto mpaka inaanza kutoa moshi kidogo, hapo ukiipaka inazama kwenye mbao na kushika, lakini pia hapo ndo inaweza kushika moto kwa hiyo mtu wa nta haondoki kwenye jiko hata dakika moja. Sisi tunatumia ile nta ya kufunikia jibini. Wengine wanatumia nta ya nyuki, na nikifikiria mizinga iliyojaa kule kwetu naona hilo halina shida. Mwisho kila gogo linapigiliwa kibati kidogo cha alumini chenye aina ya mbegu na mwaka, maana kuna aina za joto, aina za baridi, na aina za katikati kama WR46 ambazo unaweza kuzilazimisha zitoe karibu msimu wote, na ukizichanganya baadaye hujui gogo gani la kulowekwa lini.

Alafu unasubiri. Kuanzia miezi 6 mpaka mwaka mmoja na nusu gogo limekaa tu, limepangwa na wenzake kama wanavyopanga mbao zikauke, kwenye kivuli kizito. Mahali pazuri ni chini ya misonobari kwa sababu haidondoshi majani, inatoa kivuli hadi wakati wa baridi na mwanzoni mwa masika ambapo miti mingine iko uchi na jua linapiga. Kwa macho hakuna kinachotokea. Ndani ile nyuzi inakula mbao, inamaliza kile kinachoifanya mbao iwe ngumu, na ikifika mwisho utaona duara jeupe kwenye ncha ya gogo.

Watu wengi wakisikia kilimo cha uyoga wanafikiri ugumu uko kwenye uyoga. Ugumu uko kwenye maji. Gogo linalokatwa lina maji ya kutosha, kama asilimia 40 hivi, na kazi yako yote kwa mwaka mzima ni kuhakikisha hayashuki sana, yakifika chini ya 25 au 30 ile nyuzi inakufa na hamna utakachofanya. Kwa hiyo ukame ukija tunamwagilia magogo, ndio, tunamwagilia mbao zilizokatwa, na jirani zetu mwanzoni walikuwa wanatushangaa. Upande mwingine gogo likilala chini kwenye udongo mbichi ukungu wa porini unaingia, ule wa rangirangi uliopangana kama vigae au ule wa kijani, unalinyang'anya. Ndo maana hatugusishi magogo na ardhi, tunayaweka juu ya mapau.

Mwezi wa sita ndo raha inaanza. Magogo yaliyokomaa yanagawanywa mafungu 7 au 8, na kila wiki fungu moja linatumbukizwa kwenye birika kubwa la kunyweshea ng'ombe lililojaa maji baridi ya kijito. Yanaelea, inabidi uyagandamize na mawe. Yakikaa usiku kucha, masaa 12 mpaka 24, yanashtuka. Mti uliokuwa unakauka polepole ghafla umelowa na kupoa, na uyoga unachukulia kwamba mvua kubwa imekuja, wakati wa kuzaa umefika. Unayatoa, unayaegemeza kwenye fito yamesimama, siku 3 mpaka 5 vichwa vidogo vinapasua gome vinachungulia, na siku 7 mpaka 10 tangu ulowekwe unavuna. Baada ya hapo lile fungu linapumzika wiki 7 au 8 kabla halijaingia tena majini. Ndo sababu ya kugawa mafungu, kila wiki kuna uyoga wa kupeleka sokoni na hakuna gogo linalochoshwa. Gogo moja kwa mzao mmoja linatoa robo mpaka nusu paundi (paundi ni karibu nusu kilo), na uyoga wa magogoni mkulima anauza dola 12 mpaka 16 kwa paundi, wakati mwingine zaidi. Ule wa viwandani unaooteshwa kwenye maranda ni rahisi zaidi lakini wapishi wa mahoteli wanajua tofauti, huu wa gogo ni mzito, nyama yake imeshikana, na wanaulizia wenyewe.

Kuvuna kuna jicho lake. Unachukua wakati kofia bado imejikunja kidogo pembeni, ikishafunguka ikawa bapa umechelewa, na kwenye joto la mwezi wa saba inabidi upite asubuhi na jioni maana asubuhi ni mdogo jioni umepitiliza. Mvua ikitabiriwa tunavuna kabla, uyoga uliolowa mvua unakuwa na utelezi na haukai. Adui mkubwa ni koa, wale konokono wasio na gamba, wanapanda usiku wanaacha matobo, mtu na tochi anawatoa mmojammoja. Na kupe. Vermont ni moja ya majimbo yenye ugonjwa wa Lyme, unaoambukizwa na kupe, kwa wingi, kwa hiyo suruali inaingizwa ndani ya soksi hata kama ni joto, na jioni unajikagua mwili mzima. Nasema haya kwa yeyote anayefikiria kuomba kazi kama hii, usidharau kupe.

Jambo lingine la kuzingatia ni kuupika mpaka uive. Shitake mbichi au isiyoiva vizuri inaweza kumtoa mtu mistari myekundu mwilini kama aliyechapwa fimbo, na inawasha siku nyingi. Ukiiva hauna tatizo kabisa. Na kabla ya kukausha ukiuanika juani umeugeuza upande wa chini uangalie juu, vitamini D inaongezeka sana, jambo la maana kwa sisi wenye ngozi nyeusi tunaoishi nchi ambayo jua la maana linapotea miezi mingi.

Kwenye meza ya kupandia huwa nakaa karibu na mama mmoja wa Bukavu, sote tunamwita Mama tu, hata mwenye shamba. Burlington na Winooski, miji ya huku Vermont, wako Wakongo wengi, Warundi, Wasomali Wabantu, na Kiswahili ukikisikia dukani hushangai tena. Mama analima bustani yake pia, bondeni kando ya mto Winooski ambako wakimbizi wengi wamepewa vipande, lengalenga, mahindi meupe, mnavu, bilinganya za Kiafrika. Tarehe 10 na 11 Julai 2023 mto ulivimba ukafunika lile bonde lote. Mimea mingine ilisimama ila kwa sheria za huku mazao yaliyoguswa na maji ya mafuriko hayauzwi, maana yamebeba mavi na kemikali za mjini. Akang'oa kila kitu. Mwaka 2024, tarehe zilezile za mwezi wa saba, mafuriko yakaja tena. Kule kilimani kwetu mvua ileile ilinyesha na magogo yakanywa, yakazaa yenyewe bila hata kulowekwa, tulivuna mpaka makreti yakatuishia. Mama alisimama katikati ya yale magogo akasema, "Mwanangu, huku juu maji iko baraka, kule chini iko msiba." Tangu hapo anataka magogo yake mwenyewe, na mwenye shamba amempa sehemu chini ya misonobari ayapange. Mi nafurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Utaalamu huu una historia ndefu. China kuna kitabu cha kilimo cha mwaka 1313 cha Wang Zhen kinachoeleza jinsi ya kuotesha uyoga huu, wakati huo walikuwa wanakata mti, wanauchanja kwa shoka, na kusubiri upepo ulete mbegu. Watu wa milimani waliishi hivyo karne na karne wakitegemea bahati. Mbegu ya kupigilia kwenye tundu ililetwa na Mjapani Mori Kisaku miaka ya 1940, akaiotesha mbegu kwenye vipande vidogo vya mti, na hapo mkulima masikini akaacha kubahatisha. Marekani yenyewe ilikataza kuingiza shitake hai mpaka 1972, kwa sababu waliifananisha na ukungu mwingine wa jamii ya karibu unaokula mataruma ya reli, waliogopa itawaozeshea reli zao. Yaani kilimo hiki huku hakijafika hata umri wa bibi yangu. Na Japani baada ya ajali ya nyuklia ya 2011, Fukushima, ambayo ilikuwa inauzia mikoa mingine magogo ya kupandia, biashara hiyo iliporomoka maana miti ilinyonya sumu ya mionzi na uyoga unanyonya kutoka kwenye mti. Kwa hiyo swali la kwanza la mtu wa magogo siku zote ni mti huu umesimama wapi, umekunywa maji gani.

Sasa turudi mlimani.

Mi nimezaliwa Old Moshi, nimekulia ndani ya kihamba. Kwa asiyejua, kihamba ni shamba la ukoo linalozunguka nyumba, juu kuna miti mikubwa ya kivuli, mringaringa na mruka, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na maharage na majani ya kila aina, ng'ombe yuko zizini analishwa majani ya migomba na mbolea yake inarudi kwenye migomba, maji yanakuja kwa mfongo, yaani mfereji, kutoka juu, mpaka wa kihamba na kihamba ni mimea ya masale. Kwenye vihamba vya mlimani watafiti wamehesabu zaidi ya aina 100 za mimea. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliitambua Shimbwe Juu, kijiji cha kule mlimani, kuwa urithi wa kilimo wa dunia nzima. Huku Vermont watu wanalipa hela kuja kufundishwa wikiendi jinsi ya kupanga miti kwa ghorofa, na mwalimu anachora ubaoni kitu ambacho bibi yangu alikuwa anakifanya na jembe bila kuchora popote. Nilikuwa nasikiliza moyo unanijaa, fahari na uchungu pamoja.

Uchungu kwa sababu kihamba kinapungua. Bei ya kahawa ilipoanguka watu waling'oa kahawa wakapanda nyanya na mahindi yanayotaka jua, na ukitaka jua unatoa mti. Mringaringa ni mbao nzuri, mfanyabiashara anakuja na hela mkononi, ada ya shule inadaiwa, mti wa babu unaanguka. Kihamba nacho kinagawanywa kwa watoto wa kiume kila kizazi, sasa hivi kuna watu wana kipande ambacho ukitupa jiwe linatua kwa jirani. Mti mkubwa kwenye kipande hicho unaonekana umekaa bure. Na mi simlaumu anayekata, mtu mwenye mtoto amerudishwa nyumbani kwa ada huwezi kumwambia habari za vyanzo vya maji.

Ila kitu nilichokiona Vermont ni hiki, kivuli chenyewe kinalipa. Pale chini ya misonobari ambapo hakuna mboga wala tunda litakaloota, ndo sehemu inayoingiza hela nyingi kuliko yote kwenye shamba lile kwa ukubwa wake. Hawahitaji kutoa mti ili wapate zao. Zao linataka mti usimame, linataka giza lile, ubichi ule, utulivu wa hewa ule. Mkulima akishaona hivyo hesabu yake inabadilika yenyewe, hakuna anayehitaji kumhubiria mazingira, kila mti aliousimamisha ni bati la banda lake la uyoga ambalo hakulinunua. Na matawi anayopunguza kila mwaka yana mahali pa kwenda. Kihamba kina kivuli na ubichi mwaka mzima, hakuna theluji ya kusimamisha kazi miezi mitano, mfongo uko palepale. Sisi tuna kila kitu ambacho hawa wanakipigania.

Kwa shitake njia ya nyumbani ni ndefu kidogo. Mialoni hatuna, lakini Brazili wanaiotesha kwenye magogo ya mikaratusi na ni kilimo cha kawaida kabisa kule, na mikaratusi sisi tunayo kupita kiasi, mingi iko sehemu ambazo haikutakiwa kupandwa maana inakausha chemchemi, ikipunguzwa hapo hakuna atakayelia. Mbegu hai kutoka nje lakini sio ya kutia kwenye begi ukapita nayo airport, inahitaji kibali cha wenye mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, pale Arusha, na ni haki yao kukagua, nimeshaeleza Wamarekani walivyoogopa reli zao. Hilo tutalifuata taratibu kwa njia iliyonyooka.

Kwa mamama hakuna cha kusubiri. Mbegu ziko Tanzania, zinauzwa kwa chupa, na chakula chake kizuri tunacho kimelala chini ya kila mgomba, majani makavu. Nimemwelekeza binamu yangu kwa simu hivi: chukua majani ya migomba yaliyokauka vizuri yasiyo na ukungu, katakata vipande vya urefu wa kidole, loweka usiku mzima, asubuhi kamua mpaka ukibana kiganjani yatoe tone moja au mawili tu. Yapike kwa mvuke kwenye pipa masaa kadhaa kuua vijidudu vingine, yaache yapoe kabisa, mbegu ikikutana na joto inakufa. Nawa mikono kwa spiriti, jaza kiroba tabaka la majani tabaka la mbegu, funga, toboa vitundu vidogo, weka gizani wiki 3 au 4 mpaka kiroba kizima kiwe cheupe. Ukiona kijani popote toa kiroba hicho nje haraka kabla hakijaambukiza vingine. Vikishakuwa vyeupe vitundike, vipate hewa na mwanga kidogo, nyunyiza maji asubuhi na jioni, na uvune kofia zikiwa bado changa. Kibanda chake tumekubaliana kiwe cha fito na majani ya migomba chini ya mruka nyuma ya zizi, kwa sababu hapo mchana wa saa saba ukiingia unasikia baridi.

Anasema vijana watatu wa jirani wameshamuuliza anajenga nini. Mi nafika Moshi mwezi wa kumi na mbili, magogo ya huku yakiwa yamefunikwa na theluji na kazi imefungwa mpaka chensoo ziwashwe tena. Pipa ameshapata, chupa za mbegu ameagiza, majani ya migomba anayakusanya darini yasilowe, na mjomba aliyekuwa na mpango wa kuuza ule mruka amekubali usubiri mpaka tuvune mara ya kwanza tuone unaingiza kiasi gani.